Kiapo cha Abu Bakr juu ya Mistah: uchambuzi wa kisa kimoja cha msamaha

Aya ya 22 ya Sura An-Nur husomwa sana mimbarini na katika darsa zetu kila yanapozungumzwa mambo ya kusameheana, lakini mara nyingi husomwa peke yake, bila ya kutajwa nani aliyeambiwa maneno yale, alikuwa amekosewa nini, na yule aliyemkosea alikuwa nani wake. Maana yake kwa ufupi ni kwamba wale wenye fadhila na wasaa wasiape kuacha kuwapa jamaa zao, maskini na waliohama kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, bali wasamehe na waachilie mbali. Kisha linafuata swali: je, nyinyi hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Ikisomwa hivyo, inakuwa nasaha njema ambayo hakuna wa kuipinga wala wa kushughulishwa nayo. Ikirudishwa katika Madina ilikoteremkia, inakuwa amri iliyomfikia baba mmoja jeraha lake likiwa bado bichi, nayo inamtaka afanye jambo ambalo wengi wetu tusingemlaumu kwa kulikataa.

Msimulizi wa kisa ni aliyekosewa mwenyewe, Bibi Aisha binti Abu Bakr (R.A.), mke wa Mtume (S.A.W.). Masimulizi yake yalipokewa na wanazuoni wanne wa kizazi kilichofuata, miongoni mwao Urwa bin Zubeir, mtoto wa dada yake Asma, kisha Ibn Shihab Az-Zuhri akayakusanya, na hatimaye yakaingia katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim. Ni mojawapo ya hadithi ndefu tulizo nazo, na urefu wake una faida, kwa kuwa Bibi Aisha hakuacha kutaja hata mambo madogo ambayo mtu anayesimulia habari za mwingine asingeyajua.

Mwezi wa uzushi

Katika kurudi kutoka vita vya Banu Mustaliq, mwaka wa 5 au wa 6 wa Hijria kwa tofauti za wanahistoria, msafara ulipiga kambi usiku karibu na Madina. Bibi Aisha alikwenda haja, na aliporudi akagundua kwamba kidani chake cha shanga za Dhafari, za Yemen, kimekatika na kuanguka, akarudi kukitafuta. Huku nyuma, watu waliokuwa na kazi ya kukipandisha kibanda chake juu ya ngamia walikiinua na kukifunga wakidhani yumo ndani. Anaeleza mwenyewe kwamba wanawake wa siku zile walikuwa wepesi, kwa vile chakula kilikuwa kidogo, naye alikuwa binti wa umri mdogo, kwa hiyo hakuna aliyeushangaa wepesi wa kibanda. Aliporudi na kidani chake, kambini hapakuwa na wa kuita wala wa kuitika. Akakaa palepale, akijua kwamba watakapomkosa watarudi kumtafuta, na usingizi ukamchukua. Safwan bin Al-Muattal, aliyekuwa amebaki nyuma ya jeshi, alimkuta asubuhi akamtambua, akasema “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun”, akampigisha ngamia wake magoti ili apande, kisha akamwongoza ngamia kwa miguu hadi wakalifikia jeshi limetua katika jua kali la mchana. Zaidi ya maneno yale, anasema Bibi Aisha, hakunitamkia neno.

Hapo, kwa ibara yake, akaangamia aliyeangamia. Aliyeibeba sehemu kubwa ya uzushi ni Abdallah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, lakini maneno hayakubaki midomoni mwa wanafiki peke yao. Waislamu watatu wanatajwa kwa majina kuwa waliyakariri: Hassan bin Thabit, mshairi aliyekuwa akimtetea Mtume, Hamna binti Jahsh, aliyedhani kwamba anampigania dada yake Zaynab, mke mwenza wa Bibi Aisha, na Mistah bin Uthatha, ambaye ndiye anayetuhusu zaidi. (Zaynab mwenyewe alipoulizwa alisema kwamba anayahifadhi masikio yake na macho yake, na kwamba hajui kwa Aisha ila kheri. Mke mwenza alinyamaza, ndugu wa mke mwenza ndiye aliyesema. Mwenye kuyajua majumba yetu hatashangaa.)

Mwezi mzima ulipita Bibi Aisha akiwa mgonjwa na asijue lolote, isipokuwa kwamba hakuiona kwa mumewe ile huruma aliyoizoea kila anapougua. Aliyempa habari ni mama wa Mistah. Walikuwa wametoka pamoja usiku, mama yule akajikwaa katika nguo yake, na kwa uchungu akamwapiza mwanawe: “Aangamie Mistah!” Bibi Aisha akamkemea: vipi unamtukana mtu aliyehudhuria vita vya Badr? Ndipo mama akamweleza mwanawe amesema nini. Inatosha kulitazama tukio hili peke yake ili kuuona uzito wa kisa: mtu wa kwanza kumtetea Mistah, na kuitaja heshima yake ya Badr, ni yuleyule aliyekuwa akichafuliwa naye bila ya kujua.

Akaomba ruhusa aende kwa wazazi wake. Alilia siku mbili mfululizo, asipate usingizi wala machozi yasikatike, hadi wazazi wakadhani kilio kitampasua ini. Mambo yalikuwa yameuathiri mji mzima, kwani Mtume alipolizungumza mimbarini, watu wa Aus na wa Khazraj, makabila mawili ya Madina, waliinukiana hadi wakakaribia kupigana. Kisha Mtume akaingia, akakaa, akamwambia kwamba ikiwa hana hatia Mwenyezi Mungu atamtakasa, na ikiwa ameteleza basi aombe maghufira na atubu. Machozi yake yakakauka ghafla. Akamgeukia baba yake amjibie, Abu Bakr akasema, “Wallahi, sijui nimwambie nini Mtume wa Mwenyezi Mungu.” Akamgeukia mama yake, naye akajibu vivyo hivyo. Bibi Aisha akasema basi kwamba hana mfano ila ule wa baba yake Yusuf, aliposema kwamba subira ndiyo njema. Anakiri katika moja ya mapokezi kwamba alilitafuta jina la Yaakub kichwani na hakulipata, kwa yaliyokuwa yamemfika.

Wahyi ukashuka katika kikao kilekile, ukamtakasa. Mama yake akamwambia asimame amwendee Mtume. Akajibu kwamba hatasimama, na hatamhimidi yeyote ila Mwenyezi Mungu. Wafafanuzi wengi huipita haraka sentensi hii kwa adabu, lakini mimi naiona kuwa ni ushahidi mkubwa kwamba uongofu wa moyo haudai mtu ajifanye hakuumia: mtu aliyesifiwa na Kurani yenyewe alihitaji siku ile kuonyesha kwamba ameumia, wala hakuna aliyemkemea.

Mjomba anaapa

Mistah hakuwa mtu baki kwa Abu Bakr. Mama yake Mistah alikuwa binti wa ndugu wa mama yake Abu Bakr, na kwa hesabu zetu za ujamaa watoto wa mama mkubwa na mama mdogo ni ndugu tu. Kwa hiyo Mistah ni mpwa wake, na Abu Bakr ni mjomba. Mistah alikuwa amehama Makka na kuyaacha ya huko, alikuwa amepigana Badr, na alikuwa fukara. Abu Bakr ndiye aliyekuwa akimpa matumizi, kwa udugu wao na kwa ufukara wake. Hivyo basi mdomo uliomchafua binti ulikuwa ni mdomo uliolishwa na mkono wa baba.

Baada ya aya za kumtakasa Bibi Aisha kuteremka, Abu Bakr akaapa kwamba hatampa Mistah chochote tena, milele, baada ya aliyoyasema juu ya Aisha. Na hapo ndipo ilipokuja aya ya 22.

Kiapo hiki chastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kutazamwa amri iliyokivunja. Abu Bakr hakumtukana Mistah, hakumpiga, hakutaka afukuzwe mjini. Alichokusudia ni kuacha hisani, na hisani si deni; hakuna kadhi ambaye Mistah angeweza kwenda kumshitakia. Hiki ndicho kisasi cha watu waungwana, na kimejaa katika koo zetu. Mjomba aliyekuwa akimlipia mpwa wake karo anaacha kulipa baada ya maneno yaliyosemwa harusini, ndugu aliyeko Muscat au London anaacha kutuma pesa kwa nyumba moja na kuendelea kutuma kwa nyumba nyingine, na kila mmoja wao akiulizwa ana jawabu lililonyooka: “Mimi sikumfanya kitu.” Ni kweli hakumfanya kitu. Ubaya wa kisasi cha aina hii kwa roho ya mwenye kukifanya ni kwamba hakijitambulishi kuwa ni kisasi. Aliyempiga mwenzake anajua kwamba amepiga, na huenda siku moja akajuta. Aliyeuzuia mkono wake anaweza kuishi miaka 20 akihesabu kwamba amejitenga na shari, ilhali kila linapotajwa jina la yule mtu kifua kinambana.

Abu Bakr angekuwa na sababu nzuri kuliko wote hao. Uzushi ulikuwa umethibiti kuwa uzushi, tena kwa wahyi. Hata hivyo Kurani haikukiacha kiapo chake kipite.

Jinsi aya ilivyomtaja Mistah

Aya inataja makundi matatu ya wanaostahiki kupewa: jamaa wa karibu, maskini, na waliohama katika njia ya Mwenyezi Mungu. Wafasiri wamebainisha tangu zamani kwamba sifa zote tatu zilikuwa zimekutana kwa Mistah. Jambo ambalo naona halisisitizwi vya kutosha ni kwamba kosa lake halimo. Aya zilizotangulia zimelieleza kosa lile kwa maneno makali kabisa, zikawauliza waumini kwa nini hawakusema walipolisikia kwamba huu ni uongo mtupu. Lakini zamu ya kumtaja Mistah mbele ya mfadhili wake ilipofika, ametajwa kwa haki zake. Hijra yake haikufutwa na ulimi wake. Badr yake bado ni Badr.

Mtu aliyekosewa huwa na mazoea ya kumpa mkosaji jina moja tu, nalo ni jina la kosa: yule mwongo, yule mwizi, yule aliyenivunjia ndoa. Abu Bakr naye alikuwa akielekea huko, kwa kuwa kiapo chake kilikuwa kimemfunga Mistah katika yale maneno yake juu ya Aisha. Aya ikamrudishia mpwa wake mzima, pamoja na umaskini wake na safari yake ya Makka hadi Madina. Katika kazi yote ya kusamehe hii ndiyo sehemu ninayoiona kuwa ngumu zaidi, na ndiyo inayoleta nafuu zaidi, kwa sababu moyo uliobeba jina moja tu la mtu haupati pa kupumzikia kila unapomkumbuka.

Lingine ni mpangilio wa amri zenyewe. Kutoa kumetajwa kwanza, kusamehe kukafuata. Abu Bakr hakuambiwa asikasirike, wala hakuambiwa kwamba lililotokea ni dogo, wala hakuambiwa angoje hadi moyo wake upoe kisha atoe. Mkono uliamrishwa kabla ya moyo kuulizwa hali. Siku hizi tunafundishana kinyume chake, kwamba mtu kwanza ajihisi amesamehe ndipo matendo yafuate, na matokeo yake ni kuwa watu wanakaa miaka wakiungojea moyo ubadilike, na moyo nao unaungoja mkono.

Swali na jawabu lake

Baada ya amri lilikuja swali: hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Hapa Abu Bakr anahamishwa kutoka kiti cha mdai na kuwekwa katika kiti cha mdaiwa, naye ni Abu Bakr, mtu ambaye aya ileile imemwita mwenye fadhila. Hakusutwa kwa dhambi fulani. Aliulizwa tu kama naye anapenda kusamehewa. Jawabu lake limehifadhiwa: “Naam, wallahi, mimi napenda Mwenyezi Mungu anisamehe.” Akamrudishia Mistah matumizi yake, kisha akaapa kiapo cha pili, kwamba hatamwondolea milele. Katika kitabu cha Muslim, mwishoni mwa hadithi hii, imenukuliwa kauli ya mwanazuoni Abdallah bin Al-Mubarak kwamba hakuna aya yenye kutia matumaini zaidi katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu kuliko hii. Mtu anaweza kujiuliza matumaini yako wapi katika aya inayomwamrisha baba amlishe aliyemchafua mwanawe. Nadhani yako hapohapo: ikiwa aliyefanya kosa zito kama lile bado anatajwa kwa mema yake na anarudishiwa riziki yake, basi mkosaji mwingine yeyote ana sababu ya kutarajia.

Kiapo cha pili ndicho kinachonifanya nikihesabu kisa hiki kuwa ni kisa cha amani ya moyo, ingawa hadithi haielezi hata kwa neno moja namna Abu Bakr alivyojisikia. Matumizi ni jambo la kurudiarudia. Mtu anayemlisha aliyemkosea hukutana na kosa lile upya kila siku ya kutoa inapowadia, na kila mara nafsi humuuliza kama kweli yule mtu anastahiki. Kwa kuapa kwamba hatamwondolea milele, Abu Bakr alilitoa jambo lile katika orodha ya mambo ya kuamua. Kesi ilifungwa, na aliyeifunga ni mwenye kudai. Kuanzia hapo angeweza kuumia, angeweza hata kukumbuka, lakini hakuwa tena na la kuamua juu ya Mistah, na nusu ya adha ya kinyongo ni kule kuamua upya kila siku.

Kuhusu kiapo cha kwanza, sheria ina njia yake. Aya ya 89 ya Sura Al-Maida imeweka kafara ya kiapo kuwa ni kuwalisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku 3. Bibi Aisha mwenyewe anasimulia kwamba baba yake hakuwa akivunja kiapo hata kidogo hadi ilipoteremka kafara ya viapo, ndipo akasema kwamba hataapa juu ya jambo kisha akaliona jingine ni bora kuliko hilo, ila atafanya lililo bora na kukitolea kafara kiapo chake. Nalitaja hili kwa sababu tunao watu wengi walioapa juu ya ndugu zao, “mlango wako siukanyagi”, “hata maiti yangu usiizike”, na wanaogopa kuvunja viapo hivyo kana kwamba vimewafunga upande wa kheri, ilhali vimewafunga upande wa kukata udugu.

Adhabu haikuachwa

Kisa hiki hutumiwa vibaya kinapohadithiwa nusu. Aya ya 4 na ya 5 za sura hiyohiyo zimeweka adhabu ya mwenye kuwasingizia uzinifu wanawake watwaharifu bila ya kuleta mashahidi 4: apigwe viboko 80, na ushahidi wake usikubaliwe, isipokuwa waliotubu baada ya hapo na wakatengenea. Imepokewa katika vitabu vya hadithi viitwavyo Sunan kwamba wanaume wawili na mwanamke mmoja walipigwa haddi ile, yaani adhabu iliyowekwa na sheria, nao ni Hassan, Mistah na Hamna. Kwa hiyo Mistah aliyerudishiwa matumizi ni Mistah ambaye mgongo wake umeonja viboko. Ukweli ulitangazwa hadharani na hukumu ikapitishwa. Msamaha wa Abu Bakr haukuchukua nafasi ya kimojawapo. Na mara tu baada ya aya ya msamaha, aya ya 23 inawalaani duniani na Akhera wanaowasingizia wanawake watwaharifu. Mtu anayeisoma sura kwa mpangilio wake hapati nafasi ya kudhani kwamba kusamehe ni kulifuta kosa katika daftari la jamii.

La pili ni kwamba aya ilimwelekea nani. Imewaambia wenye fadhila na wasaa, yaani wenye nguvu ya kutoa na kuzuia. Abu Bakr alikuwa na mamlaka juu ya tumbo la Mistah, na mamlaka hayo ndiyo yaliyotiwa mpaka. Bibi Aisha, ambaye ndiye aliyekosewa zaidi kuliko wote, hakuamrishwa na aya hii kumsamehe yeyote. Yeye alipewa kutakaswa. Katika masimulizi yake yote marefu hatajwi mtu aliyemwendea siku zile, macho yake yakiwa bado mekundu, akamtaka awasamehe Hassan, Mistah na Hamna ili nyumba itulie. Nasema hivi kwa kuwa nimeisikia aya hii ikisomewa mwanamke aliyepigwa na mumewe, akitakiwa na wazee arudi nyumbani usiku uleule kwa kuwa “Mwenyezi Mungu anapenda wasamehevu”. Wazee wale wangeisoma kwa haki, wangekwenda kumsomea mwenye nguvu. Aliyedhulumiwa hudai kwanza ukweli usemwe na dhulma izuiwe. Akisamehe baada ya hapo, ujira wake uko kwa Mwenyezi Mungu, kama ilivyo katika aya ya 40 ya Sura Ash-Shura, ambayo nayo imeanza kwa kuikubali haki ya kulipa ubaya kwa mfano wake kabla ya kuutaja msamaha.

Katika mila yetu ya kutakana radhi kabla ya Ramadhani au kabla ya safari ya Hija, mtu humzungukia kila jamaa akisema, “Nisamehe nilijualo na nisilolijua.” Ni mila njema, na siku ya maziko huwa na uzito wake pale wenye msiba wanapowaombea radhi maiti wao. Lakini kisa cha Mistah kinatukumbusha kwamba palikuwa na kosa lililotajwa kwa jina lake, na hisani mahususi iliyorudishwa. Radhi inayotajwa kwa jumla, huku karo ya mpwa bado imezuiwa, haijafika alikofika Abu Bakr.

Safwan, Hassan na Bibi Aisha

Si wote waliokosewa waliopita njia ya Abu Bakr. Ibn Is-haq, mwandishi wa sira ya Mtume, anasimulia kwamba Safwan, ambaye naye alikuwa amesingiziwa, alimvizia Hassan bin Thabit akampiga kwa upanga kwa ajili ya beti zake. Watu wakaingilia kati, Mtume akamtaka Hassan asamehe pigo lile, naye Hassan akasamehe, na Mtume akamfidia kwa ardhi Madina. Hivyo katika muda mfupi msingiziaji aligeuka kuwa mwenye kudai, na aliyesingiziwa akageuka kuwa mwenye kuombewa msamaha. Sidhani kwamba kuna mfano ulio wazi zaidi wa namna hasira yenye haki inavyoweza kumvusha mtu hadi upande wa pili katika siku moja.

Njia ya Bibi Aisha ilikuwa yake mwenyewe. Urwa, yule mtoto wa dada yake, alianza siku moja kumtukana Hassan mbele yake, akamkataza, akisema kwamba Hassan alikuwa akimtetea Mtume wa Mwenyezi Mungu. Na Masruq, mmoja wa wanafunzi wake, anasimulia kwamba aliingia kwa Bibi Aisha akamkuta Hassan, wakati huo ameshakuwa kipofu, akimsomea mashairi ya kumsifu mwanamke mtulivu asiyetuhumika, ambaye huamka asubuhi bila ya kuzila nyama za walioghafilika, yaani hasengenyi mtu. Bibi Aisha akamjibu: “Lakini wewe si hivyo.” Masruq akamuuliza kwa nini anamruhusu kuingia kwake, ilhali Mwenyezi Mungu amewaahidi adhabu kubwa waliobeba uzushi ule. Akasema, ni adhabu gani iliyo kali kuliko upofu? Kisha akarudia kwamba mtu huyu alikuwa akimtetea Mtume.

Majibu haya huwatatiza wanaopenda msamaha usio na doa, kwa kuwa ndani yake mna kumbukumbu na mna ukali. Mimi sioni upungufu. Miaka ilikuwa imepita, naye hakudai kwamba amesahau. Alilijibu shairi kwa sentensi moja iliyokuwa haki yake, akaendelea kumsikiliza mshairi, na alipopewa nafasi ya kumfungia mlango akaukataa ushauri huo kwa kulitaja jema la aliyemkosea, vilevile kama alivyofanya usiku ule alipomtetea Mistah kwa Badr yake. Kwa baba, msamaha ulikuja kwa amri na ukakamilika kwa kiapo kimoja. Kwa binti hakuna amri tunayoisoma, hakuna kiapo alichoapa, wala hakuna siku inayotajwa kuwa ndiyo siku aliyomsamehe Hassan. Kilichopokewa ni kwamba alikuwa akimkaribisha nyumbani kwake, na kwamba akiwa humo humo nyumbani alimwambia ukweli wake.